Kufufua pikipiki ya zamani kwa bajeti ndogo: pesa ianzie wapi?

#1 Spana_Kumi

Wakuu, uzi huu ni wa pikipiki ndogo za zamani: silinda moja inayopozwa kwa hewa, cc 100 mpaka 250, iwe imelala miaka au imetumika mpaka ikachoka. Mifano mingi nitaitoa kwenye Honda CG125. Ilianza kutoka mwaka 1976, injini yake ya fimbo za kusukuma vali ni rahisi kuifungua, na kwa kuwa imenakiliwa na viwanda vingi, vipuri vyake havitafutwi kwa tochi. Mwenye Yamaha au Suzuki afuate kanuni ile ile, ila vipimo achukue kwenye kitabu cha pikipiki yake.

Msimamo wangu ni huu: usinunue kipuri hata kimoja kabla ya kupima, na usifungue pikipiki yote siku ya kwanza. Pikipiki iliyomwagwa kwenye maboksi ndiyo inayoishia kuuzwa vipande vipande, maana mwenyewe hakumbuki tena kipi kilikuwa kizima na kipi kibovu. Ipime ikiwa imefungwa, andika ulichokiona, kisha fungua sehemu moja, imalize, ndipo uhamie nyingine.

Injini iliyolala usiipige kiki kavu. Ringi zikishakaa muda mrefu bila oili, kutu huota pale zinapogusa silinda, na kiki moja ya nguvu inatosha kuikwaruza. Toa plagi, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili safi kwenye tundu lake, acha ilale usiku kucha. Kesho yake tia gia ya juu kabisa na uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono, taratibu. Ikigoma, usilazimishe, ongeza oili na usubiri tena.

Mwaga oili ya zamani na uitazame. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. CG125 inakula takriban lita 0.9 unapobadilisha. Wengi wanasahau kwamba chujio lake la oili ni la kuzunguka, limekaa kwenye kranki nyuma ya kava ya upande wa klachi, na kumwaga oili hakuligusi. Fungua kava, ukute tope jeusi limegandamana kwenye kuta zake, likwangue mpaka uone chuma. Kava ikiwa wazi, safisha pia wavu wa oili ulio chini.

Vali zifanye kabla ya kupima kompresheni. Vali iliyokazwa kupita kiasi haifungi vizuri, kwa hiyo geji itakudanganya kwamba silinda imekwisha. Injini iwe baridi kabisa, alama ya T kwenye magneti (pistoni iko juu kabisa) isimame kwenye alama ya kava, na roka zote mbili (mikono inayosukuma vali) ziwe zinacheza. Zikibana, uko kwenye kiharusi kisicho chako: zungusha magneti mzunguko mmoja zaidi. CG125 inataka mwanya wa 0.08 mm kwa vali zote mbili, na fila geji (bamba jembamba la kupimia mwanya) ipite kwa kukwama kidogo.

Sasa pima. Geji ya kufunga kwa nyuzi ni bora kuliko ya kushikilia kwa mkono. Fungua mkono wa mafuta mpaka mwisho, piga kiki mpaka mshale usipande tena. Injini nzima ya aina hii hutoa bar 10 hadi 12. Ikiwa chini ya 8, mimina oili ml 5 kwenye tundu la plagi upime tena. Mshale ukipanda sana, ringi au silinda imechoka. Usipopanda, tatizo ni vali au gasketi ya hedi.

#2 Kereza

Naongezea hapo kwa Spana. Moshi nao unasema. Ukiiacha pikipiki kwenye sailensa (injini ikiwaka bila kupigwa resi) dakika kadhaa, ukapiga resi ukatoka moshi wa buluu kisha ukakatika, tazama sili za vali na gaidi zake (mirija ambamo vali hupanda na kushuka). Moshi usiokatika, unaozidi injini ikibeba mzigo mlimani, ni wa ringi na silinda.

Kabla ya kununua ringi, fanya kipimo hiki, kinahitaji fila geji tu. Chukua ringi ya juu, iingize kwenye silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawasawa. Pima mwanya wa ncha zake karibu na juu, pale ringi inapofanyia kazi, kisha pima tena chini kabisa ambako hakuna uchakavu. Toa mwanya wa chini kwenye wa juu, gawanya kwa 3.14, hiyo ndiyo tofauti ya kipenyo. Tuseme chini ni 0.30 mm na juu ni 0.60 mm: tofauti ni 0.30, ukigawanya unapata karibu 0.10 mm. Silinda ya hivyo imepanuka juu, na ringi mpya ndani yake zitakula oili vile vile. Hapo ni kuchonga silinda.

Ukienda kuchonga, mpe fundi pistoni mkononi. Usimpe namba tu. Pistoni za saizi ya kuongeza huja za 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00 mm, lakini mbili za namba moja kutoka viwanda tofauti zinaweza kupishana. Apime sketi ya pistoni, upande ulio mkabala na pini kwa nyuzi 90, kisha achonge silinda kuifuata pistoni hiyo, na amalizie kwa mikwaruzo inayopishana ili oili ipate pa kukaa.

Ikirudi, ioshe kwa maji ya moto, sabuni na brashi. Petroli inaondoa mafuta lakini inaacha unga wa jiwe la kuchongea kwenye mikwaruzo. Futa kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na kijivu, rudia. Kikitoka cheupe, paka oili papo hapo kabla kutu haijaanza.

Hedi: igeuze vali zikiwa zimefungwa, mimina petroli kwenye njia ya kuingizia hewa, halafu ya kutolea moshi. Subiri dakika 5. Ikilowa kuzunguka kiti cha vali, isage kwa dawa ya kusagia mpaka upate mstari wa kijivu usiokatika. Ukitikisa vali kwenye gaidi ikacheza waziwazi, kusaga hakutasaidia mpaka gaidi ibadilishwe, kwa sababu vali itakuwa inatua mahali tofauti kila mara.

#3 mgeni_wa_gia

Asanteni wakuu. Swali: pikipiki inayowaka kwa choki tu, ukifunga choki inazima, tatizo linaanzia wapi? Nimesoma sehemu wanasema nibadilishe kabureta nzima.

#4 Jeti38

Mkuu, usibadilishe kwanza. Kabureta ya kiwandani iliyo chafu mara nyingi ni bora kuliko mpya ya bei rahisi, kwa sababu jeti zake zililinganishwa na injini hiyo.

Dalili uliyoitaja maana yake injini inapata hewa nyingi na petroli kidogo mkono wa mafuta ukiwa umefungwa. Sababu ni mbili: jeti ya sailensa imeziba, au hewa inaingia kati ya kabureta na hedi.

Anza na hewa, maana haihitaji kufungua kitu. Injini ikiwa kwenye sailensa, nyunyizia maji kidogo kwenye maungio ya manifoldi. Mlio wa injini ukibadilika, umepata. Angalia mpira wa manifoldi kama una nyufa, o-ringi kama imekuwa bapa, na uso wa kabureta kama umepinda kwa kukazwa kupita kiasi. Uso uliopinda unanyooshwa kwa msasa namba 400 juu ya kioo.

Kama hewa haivuji, toa kabureta. Fungua bakuli, toa floti, vali yake ya sindano, jeti kuu na jeti ya sailensa. Hiyo ya sailensa iangalie kwenye mwanga: tundu lake halifiki nusu milimita, na lazima uone duara kamili. Petroli iliyokauka huacha gundi ya kahawia humo. Loweka kwenye dawa ya kabureta, kisha pitisha uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya laini wa umeme. Usitumie waya wa chuma wala sindano ya kushonea. Vinapanua tundu, na jeti iliyopanuka haina dawa.

Watu wengi wakishasafisha jeti wanafunga. Bado. Jeti inalisha njia iliyo ndani ya mwili wa kabureta, na njia hiyo inatokea kwenye vitundu vidogo sakafuni mwa koo, karibu na ukingo wa slaidi (kizibo kinachopandishwa na mkono wa mafuta). Toa skrubu ya mchanganyiko pamoja na springi na o-ringi yake, pulizia dawa kwenye tundu la jeti, na uone ikitoka kooni. Isipotoka, kazi haijaisha. Kabla ya kuloweka mwili wote toa kila mpira. Dawa kali inauvimbisha.

Skrubu hiyo ina aina mbili na ukizichanganya utahangaika siku nzima. Ikiwa upande wa injini, ni ya petroli: kuilegeza kunaongeza petroli. Ikiwa upande wa chujio la hewa, ni ya hewa: kuilegeza kunapunguza petroli. Zote mbili anza kwa kukaza taratibu mpaka mwisho, bila nguvu, kisha legeza mzunguko mmoja na nusu. Malizia injini ikiwa ya moto: tafuta pale sailensa inapopanda juu kuliko kote, kisha ishushe kwa skrubu ya slaidi.

Vali ya floti itazame ncha. Ikiwa na pete iliyochimbika, petroli itafurika hata ukisafisha vipi. Floti ya shaba itikise sikioni. Ukisikia kimiminika ndani, imetoboka.

Ikishawaka vizuri, kumbuka nani anafanya kazi wapi: sailensa mpaka robo ya mkono wa mafuta ni jeti ndogo na mkato wa slaidi, kati ya robo na robo tatu ni sindano na klipu yake, kutoka hapo mpaka mwisho ni jeti kuu. Ikikohoa sehemu fulani, gusa kinachohusika na sehemu hiyo tu.

#5 Spana_Kumi

Na usirudishe kabureta safi chini ya tanki chafu. Kutu itaijaza tena kabla ya wiki kuisha.

Toa koki na geji ya mafuta, ziba matundu. Asidi ya sitriki, gramu 50 hadi 100 kwa lita ya maji ya uvuguvugu, inakula kutu bila kuharibu chuma kizima. Siki ya kawaida nayo inafanya kazi, ila inataka siku moja mpaka mbili. Kutu nene itikise kwanza kwa nati kadhaa ndani, na uzihesabu wakati wa kuingiza na wa kutoa. Ukimaliza suuza, tia maji yenye kijiko kimoja cha magadi ya kuokea kwa lita kuua asidi, suuza tena, kausha haraka kwa hewa ya moto. Chuma kitupu chenye unyevu huanza kuwa cha chungwa ndani ya dakika chache, kwa hiyo kikikauka tu zungushia petroli iliyochanganywa na oili kidogo.

Rangi ya kufunika ndani ya tanki itumike pale tu penye matundu. Ikipakwa juu ya kutu au mafuta inabanduka na kushuka kwenye koki. Wala tanki lililowahi kuwa na petroli usilichomelee, hata kama limekaa tupu mwaka mzima. Mvuke uliobaki unalipuka.

Tundu la hewa kwenye kifuniko nalo lizibue. Pikipiki inayozima baada ya mwendo kidogo, ukisubiri inawaka, fungua kifuniko ikizima. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, umeshapata ugonjwa.

#6 Njia_ya_Ethi

Niruhusuni umeme. Pikipiki ya zamani ikisumbua umeme, watu wanakimbilia CDI (kisanduku cha kielektroniki kinachoamuru cheche) na koili. Mimi naanza na ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri) na maungio, kwa sababu hivyo havigharimu zaidi ya msasa na mita.

Betri ya volti 12 ikipumzika iwe 12.6 au zaidi. Injini ikiwa kwenye mzunguko wa kati, taa zikiwaka, isome 13.8 hadi 14.5. Ikivuka 15, regyuleta (kidhibiti cha volti) imekufa au ethi yake ni mbovu; safisha ethi kabla ya kununua regyuleta. Isipopanda juu ya 12.8, angalia plagi ya waya zinazotoka kwenye stata (koili zinazozalisha umeme). Mara nyingi utakuta plastiki imeyeyuka na pini moja imebadilika rangi. Ikate, unganisha upya kwa pini mpya zilizobanwa vizuri.

Jinsi ya kumpata mwizi wa volti: washa taa kubwa, weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye waya chanya wa taa, hapo hapo nyuma ya balbu. Namba inayotokea ndiyo volti inayopotea njiani. Zaidi ya 0.5, ifuate nyuma: swichi ya taa, swichi ya funguo, fyuzi, ungio kwa ungio, mpaka uone namba inaruka. Kisha fanya hivyo upande wa ethi, kutoka hasi ya betri mpaka ethi ya taa. Hapo nataka chini ya 0.2. Ethi inayopita kwenye rangi mpya ya fremu ni tatizo la kudumu la pikipiki zilizopakwa rangi upya: kwangua mpaka chuma, funga, ndipo upake grisi juu.

Plagi ya CG125 ni D8EA, mwanya 0.6 hadi 0.7 mm. Kofia ya plagi ifungue kwenye waya, kata mm 5 za waya mpaka uone shaba safi, ifunge tena. Pima kofia pekee: nyingi ni kilo-ohmu 5. Ikisoma mara nyingi ya hapo au haisomi kabisa, hilo ndilo tatizo la kuwaka kwa shida asubuhi yenye unyevu.

Zenye pointi (swichi ya kukata umeme ili cheche itoke, badala ya CDI): mwanya 0.3 hadi 0.4 mm, na pointi zianze kuachana alama ya F (pale cheche inapotakiwa kutoka) ikifika kwenye alama ya kava. Cheche kubwa nyeupe kwenye pointi maana yake kondensa imekufa.

#7 mgeni_wa_gia

Vipi kuhusu kuongeza nguvu? Nilifikiria kutoa boksi la hewa nifunge chujio la wazi, na eksozi fupi.

#8 Jeti38

Kwa bajeti ndogo, hapana. Boksi la hewa linatuliza hewa inayoingia kwenye kabureta, na jeti zilichaguliwa kwa kulihesabu. Ukilitoa, mchanganyiko unakosa petroli, injini inapata joto, na unaanza kununua jeti kuu namba baada ya namba. Mwisho wake unapata kelele, na katikati ya mzunguko injini inapwaya kuliko mwanzo. Kama unataka itembee kwa utulivu barabarani, badilisha sproketi ya mbele kutoka meno 14 kwenda 15: kwa mwendo ule ule injini inazunguka pungufu kwa karibu asilimia 7. Utaliona jambo hilo mlimani, kwa hiyo mbeba mizigo abaki na 14.

#9 Kereza

Naunga mkono. Pesa ya eksozi ipeleke kwenye breki, beringi na tairi. Huko ndiko pikipiki ya zamani inabadilika ukaihisi mara moja.

Ngoma ya breki ina kikomo kimeandikwa ndani ya habu. Ya mm 110 kwa kawaida huandikwa 111. Pima kwa vernia. Vumbi lake usilipulize kwa hewa, kwa sababu viatu vya zamani vinaweza kuwa na asbesto. Loweka kwa maji uoshe. Viatu vilivyong'aa viparuze kwa msasa namba 80, vilivyobaki na mm 2 badilisha. Kamu itoe, isafishe, ipake grisi kiasi cha kucha tu. Mkono wa breki ukae karibu nyuzi 90 na waya wake pale viatu vinapogusa ngoma. Hapo ndipo nguvu ya mguu inafika yote. Kuna wanaohamisha mkono jino moja ili breki iliyokwisha ishike tena. Mshale wa uchakavu hausomi tena ukweli, na kamu inaweza kupinduka ikakwama breki ikiwa imekamata.

Beringi za magurudumu zina namba pembeni, mfano 6302, ambayo ni mm 15 ndani, 42 nje na 13 unene. Nunua kwa namba hiyo dukani kwa wauza beringi, zenye 2RS, yaani mpira pande zote mbili. Pasha habu moto, ingiza kwa kugonga pete ya nje tu. Ukigonga ya ndani, beringi mpya imeshaharibika kabla ya kufungwa.

Usukani: inua gurudumu la mbele, geuza polepole. Ukihisi kishimo katikati, vikombe vimechimbika na kukaza hakutasaidia.

Springi za shokapu za mbele zikilala, vipande vya kuongeza juu yake vinainua pikipiki lakini haviifanyi springi kuwa ngumu. Kama inagonga chini kila shimo, nunua springi, ubadilishe na sili na oili kwa kipimo cha kitabu, shokapu zote mbili sawa.

Cheni ya 428: ivute ikaze, pima pini ya kwanza mpaka ya 21. Mpya ni mm 254. Ikifika 259, badilisha pamoja na sproketi zote mbili. Tairi soma namba nne za mwisho za maandishi ya DOT yaliyo ubavuni mwake. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

#10 mgeni_wa_gia

Skrubu za kava zimekataa, vichwa vinaanza kulika.

#11 Spana_Kumi

Acha hapo hapo. Pikipiki za Kijapani zina skrubu za msalaba za kipimo cha JIS (kiwango cha viwanda vya Japani). Bisibisi ya kawaida ya msalaba haizami mpaka chini, inapanda na kula kichwa. Tafuta ncha ya JIS uitie kwenye bisibisi ya kugonga kwa nyundo. Pasha kava kwanza, aluminiamu inatanuka kuliko chuma. Ukishazitoa, weka boliti za M6 za kichwa cha ufunguo wa Allen, toki 10 N·m basi. Nyuzi za aluminiamu hazisamehe.

#12 mgeni_wa_gia

Nimeelewa mkuu. La mwisho: nikifunga taa za LED kwenye indiketa zitapepesa haraka? Na taa kubwa je?

#13 Njia_ya_Ethi

Zitapepesa haraka au zitaganda, kwa sababu rilei ya zamani inategemea mkondo wa balbu ili ipate joto. Weka rilei ya kielektroniki isiyojali mzigo. Kama dashibodi ina balbu moja ya indiketa kwa pande zote mbili, pande zote zitapepesa pamoja. Tia diodi mbili, kila moja kutoka waya wa upande wake kuelekea kwenye balbu hiyo, na mguu wa pili wa balbu upeleke ethi.

Taa kubwa, chunguza kwanza inakula umeme gani. Zime injini, washa swichi: isipowaka mpaka injini iwake, inalishwa moja kwa moja na stata kwa umeme wa AC, na LED juu yake itapepea kwenye sailensa. Kuibadilisha unafungua stata, unatenganisha ncha ya koili iliyofungwa kwenye ethi, unaitoa nje kwa waya wake, kisha unafunga regyuleta-rektifaya ya mawimbi kamili na kuilisha taa kutoka betri kupitia fyuzi. Na balbu ya LED ndani ya rifleka ya zamani ielekeze ukutani usiku, ukiwa mita 5 mbali: usipoona mwanga umekatika juu kama ilivyokuwa kwa balbu ya kwanza, unawapofusha wanaokuja mbele yako. Hapo rudisha ya W 35 na urekebishe volti zinazopotea njiani. Mara nyingi taa ilikuwa hafifu kwa ajili hiyo tu.